Ghorofani Penye Paa au Uwanjani Penye Watu?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi 28: wasusi wa vikapu, wafinyanzi, washonaji, watu wa shanga, wawili wanaotengeneza mishumaa na mmoja wa kadi za karatasi. Hatujawahi kufanya soko letu wenyewe. Tunataka tulifanye kwa siku mbili, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu. Kamati imegawanyika: nusu wanataka ukumbi ulio ghorofani katika jengo moja, nusu wanataka uwanja wazi kando ya njia inayokwenda kituo cha mabasi. Ukumbi ni ghali, na wenyewe wanadai malipo yote mapema. Uwanja ni kama bure, ila tutakodi mahema, na majira hayo mvua haiaminiki. Tuchague upi? Na je, kila fundi alipe ada sawa ya meza?

JIBU: Marahaba, katibu. Kwa haya uliyoniandikia, ningechukua uwanja, na ningelifanya soko wiki moja kabla ya hiyo mliyopanga. Uwanja huo una masharti yake, nitayataja, na likikosekana hata moja rudini ukumbini bila kuona haya.

Naona kamati yenu inabishania mvua. Kila kamati niliyokaa nayo hubishania mvua. Lakini masoko niliyoyaona yakifa, mengi yalikufa kwa ukavu: meza zimepambwa, taa zinawaka, na hakuna anayepanda ngazi.

Mwaka mmoja nilisimamia soko kama lenu ghorofani. Ngazi zilikuwa 22. Nazikumbuka kwa kuwa nilizipanda na maboksi ya mfinyanzi mmoja mwenye mgongo mbovu. Saa 5 asubuhi nikashuka kuvuta pumzi, nikasimama karibu na mlango. Akaja mama mmoja na binti yake mdogo. Akasoma bango letu hadi mstari wa mwisho, akainua macho akaziangalia zile ngazi, akamwangalia mtoto, akauangalia mfuko aliokuwa amebeba, akaenda zake. Hakuuliza bei, hakukunja uso. Nikaanza kuwahesabu wa namna yake, na nilipofika 40 nikaacha kuhesabu. Juu kule mafundi walikuwa wakinunuliana wao kwa wao.

Mnunuzi wa ukumbini ametoka nyumbani akijua anakokwenda. Ameitwa. Wa uwanjani hakuitwa, amekutana nanyi tu njiani. Ndiyo maana ukumbi huwafaa watu wenye sauti tayari: kikundi chenye wateja wa miaka mingi, chenye orodha ya namba za simu, au kilicho chini ya shirika ambalo tangazo lake husomwa. Ninyi ndiyo kwanza mnaanza. Hamna wa kuwaita wa kutosha kujaza ghorofa kwa siku mbili, kwa hiyo azimeni miguu ambayo tayari inapita.

Ila msiniamini mimi, hesabuni. Siku ileile ya wiki na saa zilezile za soko, mtu mmoja asimame uwanjani na mwingine mlangoni pa jengo la ukumbi. Hesabuni dakika 15, pumzikeni, hesabuni tena, mara 3 asubuhi na mara 3 jioni. Na msihesabu vichwa tu. Choreni kwenye karatasi safu mbili: wanaotembea taratibu na wanaokimbia. Njia ya kituo cha mabasi hudanganya hapo hapo. Saa 12 jioni itafurika watu, na karibu wote wanawahi kiti. Anayekimbilia basi hanunui chungu. Hata akikipenda, atakishikaje akiwa amesimama huku ameng'ang'ania bomba la juu? Hereni atanunua. Kadi atanunua. Mkoba mdogo atanunua akipewa chenji haraka. Kwa hiyo hesabu hiyo itawaambia pia nani akae ukingoni mwa njia na nani akae ndani zaidi, penye nafasi ya mtu kusimama, kuinua kitu na kukigeuzageuza mkononi. Angalieni pia kivuli kinaangukia upande gani saa 8 mchana. Watu hufuata kivuli, na meza iliyo upande wa jua hubaki na mwenyewe.

Nije kwenye ukumbi, maana sina ugomvi nao. Mwulizeni mwenye nyumba mita za mraba, msimuulize idadi ya watu. Ukumbi unaoitwa wa watu 200 kwa kawaida ni wa viti 200 vilivyopangwa safu kwa safu. Fundi mmoja mwenye meza ya mita 1.8, kiti chake na maboksi yake nyuma, anakula kama mita za mraba 5. Mara 28 ni 140. Njia za kupita zinakula kiasi kama hicho tena, kwa sababu kati ya meza zinazotazamana mimi nataka mita 3: mmoja amesimama upande huu anachagua, mwingine upande ule, na katikati wapishane wawili, au apite mwenye kiti cha magurudumu bila kuomba radhi kila hatua. Jumla mnahitaji mita za mraba 300 hivi. Ukumbi wa mita 12 kwa 18 una 216. Hapo mtabana njia, na njia ikibanwa, mtu mmoja akisimama kutazama shanga anaziba barabara nzima. Wa nyuma wanamsukuma, naye anasogea kabla hajatoa pesa. Mbele ya mlango wa dharura hapawekwi meza wala boksi, hata kama ndiyo sehemu yenye mwanga mzuri kuliko zote. Mara nyingi ndiyo.

Mwanga nao ni jambo la kwenda kuliona jioni, taa zikiwa zimewashwa, mkiwa na kitambaa chekundu na kikapu chenye rangi za udongo. Taa nyingi za kumbi huifanya nyekundu ionekane kama kahawia iliyochoka, na mnunuzi hasemi taa ni mbaya, anasema kitambaa kibaya. Balbu za LED zenye maandishi ya CRI 90 au zaidi kwenye boksi (CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) huzirudisha rangi mahali pake. Chagueni zilizoandikwa 3000K, yaani zenye mwanga wa umanjano kidogo, ili ngozi za watu nazo zipendeze kwenye kioo cha mtu wa hereni. Meza 28, kila moja na balbu ya wati 10, ni wati 280 tu. Kwenye umeme wa volti 230, laini moja ya ampia 16 hubeba wati 3,680. Kinachokata umeme ni birika la wati 2,000 ambalo mtu amelichomeka kisirisiri nyuma ya meza, na jirani yake akaona ni wazo zuri. Mkiwa hapohapo, jaribuni kulipana kwa simu mkiwa katikati ya ukumbi. Kuta nene humeza mtandao, na muuzaji anayemwambia mteja "ngoja nitoke nje kidogo" ameshampoteza.

Na zile ngazi hazimsumbui mnunuzi peke yake. Fundi mmoja hubeba mizigo safari 4 hivi. Kwa mafundi 28 ni safari 112 za kupanda, na siku ya pili jioni, kila mtu akiwa hoi, ni safari za kushuka. Kama jengo halina lifti, pangeni zamu za kupakua kwa saa, wafinyanzi wakiwa wa kwanza.

Sasa uwanja. Ninachokiogopa kwanza huko ni upepo. Mvua huharibu bidhaa. Upepo huvunja vitu na kuumiza watu. Watu hawaujui kwa sababu hesabu yake si ya kawaida: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Chukua ukuta mmoja wa hema la mita 3 kwa 3, wenye kimo cha mita 2. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiupiga uso kwa uso, unausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 37 hivi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ule wa dakika mbili kabla ya mvua kubwa, unausukuma kwa kilo 150. Fremu ya hema yenyewe mtu mzima anaibeba peke yake. Ukishafunga kuta tatu umetweka tanga, na jahazi lako halina nanga.

Nanga ni uzito. Mimi siruhusu hema la ukubwa huo lisimame likiwa na chini ya kilo 20 kwenye kila mguu, na lenye kuta nataka zaidi. Dumu la lita 20 likijazwa maji ni kilo 20, halihitaji mizani, na maji mtayamwaga mkimaliza. Lakini dumu lifungwe kwa kamba inayotoka juu, kwenye kona ya fremu, si kuegeshwa tu mguuni kama mapambo. Vigingi ni vizuri kwenye udongo mkavu. Udongo ukilowa huachia, na hulowa siku ileile mnayovihitaji. Meza iliyojaa bidhaa haihesabiwi kuwa uzito, ingawa kila soko lina mtu mmoja anayeamini hivyo.

Mtajuaje ni wakati wa kushusha? Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitunga kipimo cha upepo kwa kutazama unachokifanya, na matoleo yake ya nchi kavu yanatufaa sisi wa mahema kuliko programu yoyote ya simu. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, mko daraja la 5, kilomita 29 hadi 38 kwa saa: kuta zote zishushwe. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukawa kazi kuushika, mko daraja la 6: mahema yashushwe, watu watoke chini yake. Mteueni mtu mmoja tu wa kutoa amri hiyo, asiwe na meza yake mwenyewe. Mwenye meza daima atasema tungoje kidogo.

Mvua nayo. Maji yakituama juu ya turubai kwa kina cha sentimita moja, kila mita ya mraba imebeba kilo 10. Nimewahi kumwona kijana mmoja akiona paa la jirani yake limefanya tumbo, akachukua fagio, akalisukuma kwa chini ili kusaidia. Maji yote yalimwagika kwa mkupuo upande wa pili, juu ya meza ya vitambaa vilivyopakwa rangi kwa mkono. Bluu ikaingia kwenye nyeupe mbele ya macho yetu. Hakuna aliyemlaumu, alitaka wema, lakini siku ile mwenye vitambaa alifunga saa 7 mchana. Turubai likazwe tangu asubuhi hadi lilie kama ngoma likipigwa kidole, na mahema mawili yasigusane bila mfereji katikati.

Chini pia. Kabla ya kukubali uwanja, nendeni na ndoo ya maji, mwageni pale mnapotaka meza, mtazame yanakokimbilia. Yakisimama hapohapo, uwanja huo si wenu. Yakienda upande mmoja, upande huo msiweke maboksi. Kila boksi likae juu ya paleti au mbao mbili, hata kama mbingu ni safi kama kioo.

Bidhaa zenyewe zina tabia zake. Chungu kilichochomwa vizuri hakiogopi mvua. Kinaogopa rafu ndefu nyembamba ambayo upepo au kiwiko kimoja kinaiangusha. Wafinyanzi wapange chini, hata juu ya mkeka. Vikapu hukauka vikilowa kidogo, lakini vikifungiwa vibichi kwenye plastiki usiku kucha, asubuhi vina harufu na siku chache baadaye vina ukungu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na nyingi za soya kwenye 50 hivi, lakini mshumaa mrefu haungoji kuyeyuka; hulainika mapema na kuanza kuinama ndani ya hema lililofungwa kwenye jua kali. Vitambaa vilivyotiwa rangi kwa manjano, ile bizari ya unga, msivianike mbele kwa siku mbili, maana rangi hiyo jua huila upesi; vya nili vinavumilia. Karatasi ndiyo dhaifu kuliko wote, hata bila tone la mvua, kwa sababu unyevu wa hewa peke yake huzikunja kadi pembeni.

Wapo kwenye kamati watakaosema kwamba mnunuzi wa maana hanunui nje. Soko la Krismasi la Dresden, Ujerumani, liitwalo Striezelmarkt, lilianza mwaka 1434, na mpaka leo hufanyika nje kwenye baridi ya Desemba. Muuzaji analindwa na kibanda cha mbao chenye paa. Mnunuzi yeye anavaa koti.

Kuna chaguo la tatu ambalo hamkulitaja, na mkilipata nitafuta nusu ya niliyoandika. Ulizeni kama jengo lile lenye ukumbi lina baraza chini, au maegesho yenye paa, au ushoroba mpana ulio wazi upande wa barabara. Mahali penye paa lisilohama na pasipo kuta pana faida za pande zote mbili: mvua haiingii, upepo hauna tanga la kusukuma, na mpita njia anaona kila kitu bila kuamua kuingia. Wenye majengo hawafikirii kukodisha sehemu hizo, kwa hiyo bei yake mara nyingi hujadilika.

Usiku kati ya siku ya kwanza na ya pili ndipo ukumbi unapoushinda uwanja: mnafunga mlango, mnajua ufunguo uko kwa nani, mnalala. Uwanjani mtapakia kila kitu jioni na kukipanga upya alfajiri, au mtalipa walinzi. Taa za jioni zikihitaji jenereta, ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye hema lolote na dirisha lolote, moshi wake ukielekea kusiko na watu. Moshi huo una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Ndani ya ukumbi jenereta haiingii kabisa, hata madirisha yote yakiwa wazi.

Vyoo, maegesho, kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye uwanja: mnayajua, yafanyeni. Kwa ukumbi someni hasa kipengele cha saa. Kuna mikataba inayohesabu saa za kupanga meza kuwa saa za kodi, na mingine inayotaka muwe mmetoka saa ileile soko linapofungwa.

Kuhusu gharama, msidanganywe na hilo neno "bure". Andikeni mahema, walinzi, taa, jenereta na vyoo vya kukodi kwenye karatasi moja, na kodi ya ukumbi kwenye nyingine. Gawanyeni kila jumla kwa 28. Kisha kila fundi ajibu: nitauza vitu vingapi ndipo nirudishe hiyo pesa? Mfinyanzi akisema vyungu 3 na msusi akisema vikapu 9, mnajua nani ataumia zaidi. Nimeona kamati zikibadili msimamo baada ya hesabu hiyo, kutoka uwanjani kwenda ukumbini na kinyume chake.

Tarehe ndiyo iliyonifanya niseme wiki moja kabla. Soko la kawaida likinyeshewa linahamia wiki ijayo. La sikukuu likipitwa na sikukuu limekwisha. Hakuna anayetafuta zawadi kesho yake. Mkilipanga wiki ya mwisho nje, hamna pa kurudi nyuma. Mkilipanga wiki moja mapema, ile ya mwisho inabaki akiba, na tarehe zote mbili mnazichapa kwenye bango tangu mwanzo: "tukinyeshewa, ni tarehe fulani." Isitoshe, wiki ya mwisho wengi wameshasafiri au wameshamaliza pesa.

Kwa hiyo masharti ya uwanja ni haya: maji yasituame, mwenyewe awaruhusu kwa maandishi kusimamisha mahema yenye uzito, na hesabu yenu ionyeshe watu wanaotembea taratibu, si wakimbiaji watupu. Mkikwama, chukueni ukumbi, lakini wekeni meza moja chini kabisa, mguuni pa ngazi, yenye kitu kizuri kimoja cha kila fundi na mtu mchangamfu wa kusema "vingine viko juu". Yule mama na binti yake wangepanda kama pangekuwa na mtu wa kumpokea ule mfuko.

Ada ya meza: isiwe sawa, na isiwe asilimia ya mauzo. Asilimia huwafanya mafundi wafiche daftari na kamati igeuke polisi. Wekeni ada moja ya msingi kwa wote, kisha meza za ukingoni mwa njia na za kona zilipe nyongeza, kwa sababu huko ndiko pesa inakopita kwanza. Zigombaniwe kwa kura, si kwa urafiki. Nyongeza hiyo itumike kununua kuta za hema na taa za wale ambao bidhaa zao haziwezi kukaa ukingoni. Wale wawili wa mishumaa wapeni upande ambao jua la mchana haliufikii. Na yule wa kadi za karatasi mpeni hema la katikati, hata kama hajaomba.